Grünes Gewölbe ya Dresden: jinsi ya kwenda kuona vito vya wafalme bila kupoteza siku

Naanza na kosa langu mwenyewe ili wewe usilirudie. Mara ya kwanza naenda Dresden, Ujerumani, nilikata tiketi onlaini usiku, nimejilaza kitandani simu mkononi, nikaona tu maneno Grünes Gewölbe, yaani Kuba la Kijani, makumbusho yao ya vito, nikabonyeza nikalipa, asubuhi nikapanda treni kutoka Leipzig, nafika mlangoni dada anaiskani tiketi ananiambia hii yako ni ya juu sio ya chini. Ya juu, ya chini, nikabaki nimeduwaa na foleni nyuma yangu inakohoa. Kumbe Grünes Gewölbe ziko mbili, kwenye kasri moja, na kila moja na utaratibu wake.

Basi shika hili kabla ya yote. Ghorofa ya chini ipo Historisches Grünes Gewölbe, ile ya zamani, vyumba vilivyorudishwa kama mfalme alivyovitengeneza. Ghorofa ya kwanza ipo Neues Grünes Gewölbe, ya kisasa, vitu viko ndani ya vioo, kila kimoja na taa yake. Ya juu unaingia na tiketi ya kawaida ya kasri, Residenzschloss, na unaweza kuingia muda wowote siku hiyo. Ya chini ina tiketi yake peke yake na imeandikwa saa ya kuingia, ukiandikiwa saa tano na robo ni saa tano na robo, Wajerumani hawana ile ya "niko njiani nakaribia". Kwa hiyo ukifungua saiti ya kukatia tiketi soma jina lote mpaka mwisho, na kama unataka zote mbili (na unazitaka, niamini) kata ya chini kwanza uone saa gani imebaki, halafu ndio upange treni. Usifanye kinyume kama mimi.

Siku ya Jumanne wanafunga. Usije Jumanne.

Kufika sio kazi. Kutoka Berlin ukipanda treni ya haraka ni kama masaa mawili, kutoka Leipzig treni za kawaida za mkoa zinachukua saa moja na nusu na ushee na kama una Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya treni za mikoa, hulipi kitu cha ziada. Ukishuka stesheni kuu ya Dresden nyoosha tu na mtaa wa Prager Straße, pita uwanja wa Altmarkt, dakika ishirini na kitu uko kwenye kasri. Ukiwa na mzee panda tramu ushuke Postplatz au Theaterplatz. Mimi safari ya pili nilikuwa na mzee, ndio safari ninayotaka kuisimulia hasa, maana ile ndio iliyonifundisha jinsi ya kuangalia vile vitu.

Mjomba wangu alikuja kutembea mwaka jana, mtu wa Tanga huyo, miaka mingi alikuwa broka wa mawe, anashika mawe ya Umba, yakuti, ganeti, tomalini, anajua jiwe kwa kuligusa tu. Wiki nzima Leipzig nilishamwonesha makanisa mpaka akachoka, siku moja akaniambia, "Mpwa wangu, hivi huku hakuna mawe?" Nikamwambia Mjomba, mawe yapo, tena ya wafalme, kesho twende.

Sasa historia kidogo, maana bila hii utaona ving'aavyo tu. Kulikuwa na mtawala wa Sachsen, eneo hili la Dresden, anaitwa August, wao wanamwita August Mwenye Nguvu, mwaka 1697 akawa mfalme wa Poland pia. Hela ilikuwepo, milima ya Erzgebirge pale kusini imejaa fedha, na fedha ile ilichimbwa karne kwa karne. August alipenda anasa, lakini pia alikuwa na akili ya kujua kwamba mali ukiificha sandukuni hakuna anayekuogopa. Kuanzia mwaka 1723 mpaka 1729 akazipanga hazina za ukoo wake kwenye vyumba vya chini ya kasri, vyumba vyenye dari za kuba na nguzo ambazo zamani zilipakwa rangi ya kijani, jina limetoka hapo, wala sio kwenye zumaridi kama nilivyokuwa nadhania. Akaruhusu wageni waingie wakaone. Ndio maana vyumba vimepangwa kama mtu anayesimulia hadithi, vinaanza taratibu, vinapanda, mpaka mwisho unafika penye vito na ulimi unakuishia.

Ushauri wangu: asubuhi anza na ya chini. Wengine watakwambia anza juu kwenye maelezo mengi, mimi nakataa, ya chini inataka macho ambayo hayajachoka, na ukipanga saa ya mapema makundi makubwa ya watalii yanakuwa bado.

Mabegi, makoti na miavuli vinaachwa kwenye makabati ya kufunga, kwa hiyo uwe na sarafu mfukoni. Kupiga picha kule chini hairuhusiwi kabisa, simu ikae mfukoni. Utapewa kifaa cha maelezo cha kusikilizia, Kiswahili hakipo, chukua lugha unayoelewa vizuri kuliko zote na usisikilize kila namba maana utatoka saa kumi jioni. Halafu unapitishwa kwenye kijichumba cha vioo, mlango mmoja unafungwa nyuma yako ndio wa mbele ufunguke, wachache wachache. Ni cha kuzuia vumbi na unyevu unaoingia na nguo zetu, kwa sababu ndani vitu vingi havina kioo. Mjomba alipofungiwa mle akanishika mkono akaninong'oneza, "Huku tunatoka kweli?"

Ndani vitu vimekaa wazi, kwenye vishubaka na meza mbele ya vioo vikubwa vya ukutani, kwa hiyo kila kikombe unakiona mbele na mgongo wake kwenye kioo. Hapo ndio kosa la wageni wengi, wanasogea karibu sana wanaangalia kimoja kimoja. Rudi nyuma. Simama katikati ya chumba, angalia ukuta mzima kwanza, mfalme alitaka ukuta mzima ukupige kwa pamoja, ndio baadaye usogee.

Kuna chumba cha kaharabu, ile ya njano inayotoka bahari ya Baltiki, watu huichanganya na ambari ya nyangumi lakini ni vitu viwili, kaharabu ni utomvu wa miti uliogeuka jiwe. Mle lipo kabati zima la kaharabu ambalo mfalme wa Prussia alilileta kama zawadi mwaka 1728. Halafu kuna chumba cha pembe za ndovu, na hapa nikaona Mjomba anapunguza mwendo. Pembe zimekerezwa kwa mashine ya kukerezea, minara myembamba inayozunguka, mpira ndani ya mpira ndani ya mpira, kitu ambacho mtu wa kwetu anayejua kukereza miguu ya kitanda cha Lamu ataelewa ugumu wake kuliko mtalii yeyote. Kumbe watawala wenyewe walikuwa wanakereza kama starehe, mtawala August wa karne ya 16, sio yule Mwenye Nguvu, alikuwa na mashine zake na alikaa mwenyewe akafanya kazi. Mjomba akasema, "Tembo walikufa wengi kwa ajili ya mchezo wa mtu mmoja." Sikuwa na la kumjibu, na nawe ukifika pale usijilazimishe kuwa na jibu, lakini angalia.

Vyumba vya fedha pita tu, isipokuwa kama unapenda sana vyombo. Nguvu zako ziweke kwenye ukumbi mkubwa unaoitwa Pretiosensaal na chumba cha vito, Juwelenzimmer, ambacho ndicho kilichovunjwa.

Tarehe 25 Novemba 2019, alfajiri, wezi walichoma kwanza kisanduku cha umeme nje ili taa za mtaani zizimike, wakaingia kwa dirisha ambalo nondo zake walishazikata siku za nyuma, wakalipiga kabati la kioo kwa shoka na kuondoka na vipande 21 vyenye almasi zaidi ya 4,300. Desemba 2022 sehemu kubwa ikarudi, Mei 2023 wanaume watano wa ukoo mmoja wa Berlin wakahukumiwa, na Agosti 2024 vito vikawekwa tena palepale. Vingine vilirudi na majeraha, na pambo la bega lenye almasi kubwa nyeupe bado halijaonekana. Kwa hiyo ukifika kwenye kabati lile usipite haraka.

Sasa jinsi ya kuangalia vito vyenyewe, hapa nampa Mjomba kipaza sauti. Vimepangwa kwa seti, seti ya yakuti nyekundu, ya yakuti samawi, ya zumaridi, ya almasi, mpaka ya akiki na ya gamba la kasa. Seti ni mavazi ya mwanaume, hilo wengi hawalitegemei, ni vifungo vya koti, bizimu za viatu, mpini wa upanga, pambo la kofia. Mimi nilikuwa naona zinang'aa tu. Mjomba akainama, akanyoosha shingo, akasema, "Hizi hazina moto." Nikamuuliza vipi Mjomba. Akanielewesha kwamba nyingine zimekatwa mtindo wa zamani, chini bapa kama sahani, juu vipembe vitatu vitatu vinakutana kileleni, hazikukatwa kwa taa za umeme, zimekatwa kwa ajili ya mshumaa, ukizimulika na taa kali zinakaa kimya lakini mwanga ukitikisika zinaanza kupepesa. Zingine mle mle zimekatwa mtindo uliokuja baadaye, zenye tumbo refu chini, hizo zinatupa rangi. Tembea pembeni ya kabati polepole, kulia na kushoto, usisimame, ndio utaona tofauti. Huo ndio ushauri bora kuliko wote niliowahi kupewa kwenye makumbusho na umetoka kwa mtu aliyeishia darasa la saba.

Kisha akaingiza mkono mfukoni akatoa tochi. Ile tochi ndogo ya mabroka, hatembei bila hiyo. Kabla sijasema kitu mlinzi yuko pembeni yetu, mpole kabisa, anatikisa kidole, "Bitte nicht." Mjomba akairudisha mfukoni huku anacheka, akamwambia kwa Kiswahili, "Samahani bwana, mazoea." Mlinzi naye akacheka kama kaelewa. Tochi iache nyumbani, wazee waambie mapema.

Ukitoka chini pumzika, usipande juu moja kwa moja. Saa nzima ya kula na kukaa. Bei za karibu na kasri ni za watalii, sisi tulikuwa na chapati zetu kwenye mfuko tukakaa nje. Ukimaliza kula pita nje ya kasri upande wa mtaa wa Augustusstraße uone picha ya ukutani ya watawala wa Sachsen wamepanda farasi, ina urefu wa mita 102 na yote ni vigae vya kauri, hailipiwi.

Halafu ndio juu. Kule ni vitu zaidi ya 1,000, na hapa nasema wazi: chagua vitano au sita, vingine viache. Ukijaribu kuona vyote, kufika cha mia mbili hukumbuki cha kwanza. Vyangu ni hivi.

Cha kwanza Delhi. Sonara wa mfalme, Johann Melchior Dinglinger, yeye na ndugu zake, kuanzia mwaka 1701 mpaka 1708 walitengeneza baraza zima la mfalme Aurangzeb wa India siku ya kuzaliwa kwake, kwenye meza yenye upana wa kama mita moja na nusu. Sanamu za watu na wanyama zaidi ya 130 za dhahabu na rangi ya kuyeyusha, kila mtu mdogo kama kidole, wanaleta zawadi, tembo, farasi, ngamia, majamvi, na almasi karibu 5,000 zimetapakaa humo. Dinglinger hajawahi kufika India, alisoma tu vitabu vya wasafiri. Chuchumaa mpaka macho yako yawe usawa wa sakafu ya baraza, watoto wanafanya hivyo bila kuambiwa, na ghafla hauangalii sanamu tena, umesimama nyuma ya foleni na wewe unasubiri zamu ya kumwona mfalme.

Cha pili seti ya kahawa ya dhahabu, mikono ileile ya Dinglinger, ilikamilika mwaka 1701. Vikombe ni vya dhahabu lakini juu vimepakwa vifanane na kauri ya China, kwa sababu wakati ule Ulaya walikuwa bado hawajajua kutengeneza kauri ya kweli, ilikuwa ghali na ya mbali, kwa hiyo dhahabu ikajifanya udongo. Kahawa yenyewe haijawahi kunywewa humo. Mjomba aliangalia vile vikombe vidogo visivyo na mkono akasema hata baraza ya kahawa ya kwao Ngamiani wanatumia saizi hiyohiyo, tofauti kule kinanyweka.

Cha tatu kokwa. Kokwa la tunda la cheri, lina nyuso za watu zilizochongwa zaidi ya 100, lipo kwenye pambo la kuning'inia, limefika kwenye hazina kabla karne ya 16 haijaisha. Ipo lenzi ya kukuzia, subiri zamu yako.

Cha nne tulibishana. Sanamu ya kijana mweusi, urefu kama sentimita 64, ya mti, imeng'arishwa, amebeba sinia la gamba la kasa na juu yake kipande cha mwamba kimejaa zumaridi za Colombia, mwamba ambao kaisari Rudolf II aliutoa zawadi mwaka 1581. Sanamu yenyewe ilikuja baadaye sana, kama mwaka 1724, na mchongaji alikuwa Balthasar Permoser. Sura ya Mwafrika, lakini taji la manyoya na chale za mwilini ni za watu wa Amerika, yaani kwa mchongaji mtu wa mbali ni mtu wa mbali tu, anachanganywa kama mboga. Jina lake la zamani lina neno la Kijerumani la kumwita mtu mweusi ambalo leo weusi wa huku wanalichukulia tusi. Mjomba akauliza, "Huyu wa wapi?" Nikamwambia hatoki popote Mjomba, wamemtunga. Akakaa kimya halafu akasema zumaridi ni kali sana, hazijakatwa, ziko kwenye mwamba wake, na ni kweli, kama unataka kuona zumaridi inavyokaa ardhini kabla ya sonara hajaigusa ni hapo. Vyote viwili ni kweli kwa pamoja, uzuri wa jiwe na ubaya wa namna huyu kijana alivyobebeshwa.

Cha tano vibonge vya lulu. Lulu zilizotoka chaza zikiwa mbovu, zimepinda, zina vitambi, ambazo broka angezikataa, masonara wa mfalme wakaona huyu ni mpishi mnene, huyu mlevi, wakaongeza mikono na miguu ya dhahabu. Jirani tafuta vikombe vya mbuni, mwili ni yai halisi la mbuni, shingo na miguu ya fedha, na vyombo vya Gujarat vilivyofunikwa vipande vya gamba la chaza, Gujarat hiyohiyo iliyokuwa inatuletea nguo na shanga pwani.

Na mwisho almasi ya kijani. Karati 41 hivi, rangi ya tofaa bichi iliyopauka, mfalme August III aliinunua mwaka 1742, na mwaka 1768 ikawekwa kwenye pambo la kofia katikati ya almasi nyeupe mbili kubwa na ndogo zaidi ya 400. Kijani chake hakijapakwa wala kuchomwa, jiwe lilikaa ardhini karibu na miale ya asili ya nyuklia kwa miaka isiyohesabika mpaka likabadilika. Siku wezi walipoingia halikuwepo, lilikuwa limeazimwa New York, na hata hivyo makazi yake ni juu, sio chumba kile cha chini. Usiliangalie dakika moja ukaondoka. Mjomba alikaa nalo dakika kumi na tano nimehesabu, mikono nyuma, anasogea kulia, anasogea kushoto, midomo inacheza kama anapiga hesabu ya bei. Nikamuuliza, "Mjomba ungetoa ngapi?" Akanijibu bila kugeuka, "Hili halina broka."

Kama una siku ya pili usirudi kasri, nenda Freiberg, dakika arobaini hivi kwa treni kutoka Dresden, mji wenyewe wa ile migodi ya fedha iliyolipa yote haya. Kwenye kasri la Freudenstein ipo terra mineralia, mawe zaidi ya 3,500 kutoka dunia nzima, yamepangwa kwa mabara na karibu yote hayajakatwa, na Afrika ina sehemu yake. Mzee anayejua mawe mpeleke sehemu ya Afrika kwanza halafu mwache, kaa kwenye benchi, maana hatatoka leo. Mimi nilikosa treni mbili.